Kina cha Inchi Tano

"Kofia hukunjwa," alisema Mbarouk wa Bi Rukia,
akaikunja mbele yangu, pa, kama bahasha,
akaiweka mezani baina ya gundi na kikombe changu cha chai.
"Fremu ya picha tu, fundi. Kioo na ubao. Kesho nasafiri."

Mize, dada yake, hakusema neno.
Aliinua kofia kwa vidole viwili,
akaipulizia ndani,
ikafumbuka.

Hapo ndipo nilipoiona kazi:
bafta nyeupe, viua vimezunguka robo tatu,
vitundu vidogo kuliko mbegu ya ufuta,
halafu ghafla mistari ya penseli, mitupu,
na sindano inaning'inia kwa uzi wa shubiri moja,
pale mkono ulipoitua chini
kwa sala ya alasiri
usiinyanyue tena.

"Mama hakuishona ikunjwe."
"Mama aliishona niivae mimi!"
"Basi ivae."
Akaivaa. Ikamkaa utosini kama kifuniko cha birika.
Miaka kumi na tisa ya Maskati, na kichwa nacho hukua.
Tulicheka sote watatu, kisha hatukucheka.

Mimi ni fundi wa fremu hapa Mtemani, Wete.
Vyeti vya chuo, Ayatul Kursi, bwana harusi na bibi yake:
kila kilicho bapa nimekifunga.
Kwa malenga, kina ni sauti ya mwisho wa kipande.
Kwangu kina ni umbali wa ubao na kioo,
nao nimezoea uwe robo inchi, basi.

Kofia inataka kichwa ndani, la sivyo itasinyaa.
Nikasema nitachonga faroma. Kwa kipimo cha nani?
Cha Mbarouk wa leo kitaipasua,
cha Mbarouk wa zamani hakipo.
Mize akasema: "Mama hakuwa na faroma.
Akiivika gotini, akishona huku akiizungusha.
Na goti lake na langu, watu husema, ni moja."
Niliinamisha macho kwenye randa.
Akachukua uzi, akaenda nyuma ya pazia la duka,
akarudi nao una fundo.
Fundo lile ndilo kipimo. Sikuuliza zaidi.

Siku sita nilichonga goti la mfenesi.
Mti wa njano, una utomvu, patasi hunata.
Nikalipiga msasa mpaka Shaame, mwanafunzi wangu,
akauliza kama sasa tunauza nazi.
Sanduku nililipima pembe kwa gunia, mara mbili,
likakaa sawa. Haya maneno ndiyo guni,
mizani yake imenishinda, mniwie radhi.

Tabu ilikuwa sindano.
Shaame alitaka tuigandishe kwa tone la gundi.
Mize akatikisa kichwa: "Iacheni itafute."
Basi nikaongeza kina, inchi nne, nne na nusu, tano,
mpaka sindano ikapata uwanja wa kubembea
isigonge kioo.

Sasa iko ukumbini kwao,
baina ya kalenda ya benki na swichi ya taa.
Mlango ukibamizwa, sindano hutikisika,
huelekea kwenye tundu linalofuata,
lile la penseli,
kisha hurudi.

Jana Mbarouk kapiga simu. Katumiwa picha.
"Fundi," asema, "mbona naiona bapa?
Si nilikwambia uikunje? Elfu sitini zangu za kina ziko wapi?"
Nikaifungua picha ile ile kwenye simu yangu.
Kweli, bapa. Kama bahasha.
"Ndugu yangu," nikamwambia,
"njoo uitazame kwa ubavuni."